Mambo ya Mama ambayo hayakutoshea kwenye wasifu

Wasifu wa Mama ulikuwa kurasa mbili, na picha yake kwa jalada akiwa amevaa lile koti lake la bluu la kanisa. Ulisomwa na binamu yangu manake sisi watoto hakuna aliyekuwa na sauti siku hiyo, na kama umeenda mazishi yoyote hapa Kenya basi umeshausikia, zote ni moja tu, wanabadilisha jina. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, akabarikiwa na watoto sita, akaugua kwa muda mfupi, akapumzika. Halafu katikati pale kuna mstari unasema "marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu na wa maombi". Maombi sawa, hiyo hakuna wa kupinga. Mnyenyekevu, haya, akitaka. Lakini mpole? Mama? Dada yangu mkubwa alinifinya mkono tuliposikia hilo neno tukainama wote wawili, watu wakadhani tunalia.

Sasa hema zimerudi, sufuria za kukodi zimerudi, wageni wameenda, na nimeona niandike yale mengine kabla na sisi hatujaanza kuamini zile kurasa mbili.

Mama alizaliwa Machame, Kilimanjaro, 1937, wakati huo ikiwa Tanganyika ya Mwingereza. Wamishenari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame 1893, kwa hivyo kufikia yeye kuzaliwa dini kwao ilikuwa ishazoeleka kabisa, babu yake alibatizwa akiwa kijana, baba yake akabatizwa akiwa mchanga, na Mama alikuwa anataja hiyo ya mchanga kwa maringo kama vile wengine wanataja babu yao alikuwa chifu. Baba yake alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha migomba na kahawa, kahawa inaenda KNCU, kile chama cha ushirika kilichoandikishwa 1933, na pesa ya kahawa ndio ilimsomesha. Vita ya Pili ilipofika Waingereza wakawakamata wamishenari Wajerumani wakawaondoa, baadaye Walutheri wa Marekani wa Augustana wakaja kushika mkono. Mama alikuwa mtoto mdogo lakini alikumbuka kwamba wazungu walienda na kengele ikaendelea kulia saa ile ile, wainjilisti na wachungaji wa huko huko wakaendesha ibada na watu wakakaa pale pale walikokuwa wanakaa. Nadhani hapo ndipo alipotoa ile tabia yake ya kutobabaishwa na mchungaji yeyote. Wachungaji walikuja wakahamishwa, Mama alikuwa anawaaga vizuri, anawafungia na ndizi za njiani, halafu anaendelea na shughuli zake.

1952 akapata kipaimara. Kwa wasiojua, Mlutheri anabatizwa akiwa mtoto, halafu akifika kama miaka kumi na nne au kumi na tano anafundishwa ile Katekisimu Ndogo ambayo Luther aliiandika 1529. Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana, na kila kipande kikishatajwa kinafuatwa na swali, maana yake nini? Unajibu kwa kichwa, mbele ya washarika wote, na bibi zako wako hapo wanakuangalia mdomo. Mama alijibu bila kukwama, na sisi ndio tukaja kuumia, manake hilo swali alilihamishia nyumbani. Mama, naomba ruhusa niende disko ya shule. Maana yake nini? Mama, nimekuwa namba ishirini na nane lakini mtihani ulikuwa mgumu. Mgumu, maana yake nini? Kaka yangu alimwambia siku moja anataka "nafasi yake", wuu, hiyo katekisimu ilienda mpaka saa tano usiku.

Alijifunzia kushona kwa shule ya wasichana ya misheni na ushonaji ndio ulimpa mume. Baba alikuwa gadi wa treni, Mkamba wa Kitui, na siku hizo reli ilikuwa moja kwa nchi zote tatu, East African Railways and Harbours, mtu anaandikwa kazi Nairobi anajikuta Tabora. Baba akajikuta kwa ile laini ya Voi inayopita Taveta na Kahe kwenda Moshi. Mama alitumwa stesheni ya Moshi kuchukua robota la kitambaa cha kanisa. Baba alikuwa anasimulia kwamba karatasi za mzigo zilikuwa na shida akamsaidia. Mama alikuwa anasimulia kwamba karatasi zilikuwa sawa kabisa na Baba ndiye alizikalia ili yeye arudi kesho yake. Wote wawili walikuwa wanasimulia wakiwa chumba kimoja na hakuna aliyekuwa anarekebisha toleo lake.

Walioana 1961, mwaka ule Tanganyika ilipata uhuru. Upande wa Machame hawakufurahi. Kosa la kwanza Baba alikuwa chasaka, ndivyo Wachagga wanamwita mtu asiye wa kwao, na kosa la pili hakuwa Mlutheri, alikuwa AIC, yaani Africa Inland Church. Mama akawaambia wazee la kwanza halina dawa lakini la pili mniachie mimi. Hakufaulu hata kidogo, Baba amekufa 2004 akiwa AIC wa kutupwa.

Hapa ndipo kuna ile vita ambayo hatungeweza kuiandika kwa wasifu na wachungaji wa pande zote mbili wamekaa mbele. Nyumba yetu ilikuwa na vita ya maji. Baba aliamini mtu abatizwe akiwa na akili zake, aamue, azamishwe mzima mzima. Mama aliamini mtoto abatizwe mapema, neema haingoji mtu awe na akili, na akiangalia watu wazima wengine anaona hata wangengojewa wasingefika. Mtoto wa kwanza alipozaliwa Baba akaenda safari ya kazi Kisumu. Kurudi anakuta cheti cha ubatizo kiko kwa fremu, kimetundikwa pale pale palipokuwa na picha ya harusi. Hakusema kitu. Alikula, akalala, na Jumapili akaenda kanisani kwake bila kuaga.

Silaha kubwa ya Mama kwa hiyo vita ilikuwa historia. Kule Kitui, Ikutha na Mulango, wamishenari wa mapema walikuwa hao hao wa Leipzig, kabla ya Vita ya Kwanza, halafu vita ikaja, Wajerumani hawatakiwi tena, na zile stesheni zikaingia mkononi mwa Africa Inland Mission. Sijui Mama alizipata wapi hizo habari lakini alikuwa anazitumia mezani, sahani iko mkononi na hajaishusha. "Mzee wangu, nyinyi ni Walutheri mliopotea tu. Ni vita iliwapoteza." Na Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, anamwambia, "Basi kupotea huko ndiko tulionea njia. Leta chakula."

Mwishowe sote sita tulibatizwa Kilutheri tukiwa wachanga, na wanne kati yetu tulipokua tukazamishwa tena kwa kanisa la Baba ili roho yake itulie. Mama hakukataza. Alihudhuria na akapiga makofi. Hiyo ya pili aliita kuoga, "mwaka ule mlipoenda kuoga", na alikuwa anasema hivyo mbele za watu.

(Mambo ya pombe nayo ilikuwa hivyo hivyo. AIC hawagusi kabisa. Mama Nairobi hakugusa, kwa heshima ya mumewe. Lakini akifika Machame Desemba, akipewa mbege kwa kibuyu, ile ya ndizi na ulezi, alikuwa anainywa hapo hapo uwanjani mchana kweupe, anafuta mdomo, na anamwangalia Baba machoni.)

Sasa 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Watoto wa siku hizi ukiwaambia wanadhani unatunga, manake wao wanaenda Arusha wikendi kupiga picha. Reli ikagawanywa, Baba akabaki na Kenya Railways, na majirani wetu Watanzania wa kota za Makongeni wakapakia wakaenda. Kanisani vile vile. Walutheri wengi wa Nairobi miaka hiyo walikuwa watu waliovuka kuja kutafuta kazi, na sinodi yenyewe ilikuwa tawi la KKKT, lile kanisa la Kilutheri la Tanzania, kabla ya kusimama yenyewe kama kanisa la Kenya, kwa hivyo fikiria vile viti vilibaki. Mama alikuwa anasema kwaya yao ilibaki na sauti ya pili tu na wanaume wawili, mmoja wao hajui kuimba ila ana suti. Watu wakamshauri anyamaze kuhusu kwao. Akanyamaza kwa muda, hiyo nayo aliichukia.

1979 mama yake akafariki. Habari haikuja na barua, ilikuja kwa midomo, mwanamke wa ndizi Taveta kamwambia mtu wa reli, mtu wa reli kamwambia mwenzake Voi, mpaka ikamfikia Baba. Baba akamwambia Mama jioni, na akamwambia pia mpaka umefungwa, hakuna namna, tutaomba tukiwa hapa. Baba alikuwa mtu wa sheria sana. Mama akasema sawa. Asubuhi akasema amekumbuka kuna semina ya akina mama Mombasa, anaenda, na mtoto mdogo ataenda naye kwa sababu bado ananyonya.

Hakukuwa na semina. Mtoto mdogo ni mimi.

Kabla ya kupanda treni alipitia dukani akanunua miche ya sabuni, ile ya kukata, akaikata vipande akavifunga ndani ya nepi zangu. Tanzania ilikuwa imetoka tu kupigana na Amin, madukani vitu hakuna, na yeye hangeenda kwao kwenye msiba mikono mitupu. Treni mpaka Voi, gari mpaka Taveta, na Taveta akajichanganya na wanawake wa sokoni, wale wana shamba huku na shangazi kule, mpaka haukuwa unawahusu sana. Wakamtwika mkungu wa ndizi ili afanane nao. Mmoja akamwambia wewe mama wa Nairobi ukisimamishwa usifungue mdomo, akamjibu kwa Kimachame, wale wanawake wakacheka sana, wakapita naye njia za panya kwenye mashamba ya mkonge, mimi mgongoni na ndizi kichwani na miguu yake yote imekwaruzwa.

Upande wa pili akasimamishwa na mgambo. Umebeba nini? Mtoto na ndizi. Na kwa hilo furushi? Nepi. Fungua. Sasa hapa ndipo namwambia yule aliyeandika "mpole na mnyenyekevu" asikilize vizuri. Mama akafungua furushi mwenyewe, akatoa kipande kimoja cha sabuni, akakiweka kwa kiganja cha yule kijana akakifunga vidole juu yake, akamuuliza, "Mke wako anafua na nini?" Yule mgambo akakinusa. Akakaa nacho hivi. Halafu akakitia mfukoni akasema pita, mama, na pole kwa msiba. Mama hakuwa amemwambia kuna msiba, aliona tu kwa kitambaa cheusi kichwani.

Alifika Machame jioni ya siku ya pili na walikuwa wamezika jana yake.

Kaka yake mkubwa alikuwa na hasira, na sio ya kuchelewa, ilikuwa ile ya 1961 iliyokaa ikingoja siku yake. Mama alijua. Kabla hajaingia kihambani akasimama kwenye ua akavunja jani la isale. Isale ni ule mmea wenye majani marefu marefu, Wachagga wanaupanda kwenye mipaka ya vihamba, na mtu akija kwako ameshika jani lake anaomba msamaha, humkatalii, ukimkatalia balaa ni yako. Akaingia nalo uwanjani mbele ya wafiwa wote, Mlutheri wa katekisimu, ameshika jani. Nilipokuwa mkubwa na mjuaji nilimuuliza kama hiyo si mila za kale ambazo wamishenari walizipinga, akaniambia jani ni jani, na aliyeliotesha ni Mungu, na kwamba Wajerumani wenyewe wengine walikaa mlimani miaka mingi wakajifunza maana yake. Hiyo ya mwisho ni kweli, Bruno Gutmann wa Old Moshi aliandika sana juu ya mila za Wachagga, na hakuona kwa nini Mkristo aache ukoo wake.

Mjomba akaliangalia lile jani. Akaniangalia na mimi. Akasema, "Na huyu mtoto mmempa maziwa kweli?" Ikaisha hapo, hakuna kikao, hakuna hotuba. Sabuni ikagawanywa kwa mashemeji.

Aliporudi Nairobi Baba alikuwa anajua kila kitu, watu wa reli wanajua nani amepanda treni gani na ameshukia wapi. Akamuuliza tu, semina ilikuwaje? Mama akasema nzuri, tulifundishwa juu ya Amri ya Nne. Sasa kwa kanisa la Baba Amri ya Nne ni ile ya Sabato, Baba akaitika, lakini Kilutheri hesabu iko tofauti, ya nne ni waheshimu baba yako na mama yako, na Mama alijua kabisa anachosema. Miaka baadaye, mpaka ushafunguliwa, akamweleza Baba hiyo hesabu, na Baba alicheka mpaka akatoka nje. Na nilipomuuliza Mama kama aliwahi kutubu ule uongo na ile hongo ya sabuni, aliniambia sisi Walutheri tunaungama kila Jumapili kwa jumla, wote pamoja, na hiyo imo ndani.

Wasifu ulisema pia "alihudumu kanisani katika nyadhifa mbalimbali". Nyadhifa gani, Mama alikuwa anashona. Vitambaa vya madhabahu vya usharika wetu vilipita kwa mikono yake miaka na miaka, zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Krismasi na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste, na kijani ya zile Jumapili nyingi ambazo hakuna sikukuu. Kijani ndio ilikuwa inamsumbua, manake inakaa madhabahuni miezi na miezi na jua la dirishani linaipausha upande mmoja. Kitambaa alikuwa anatoa Biashara Street, anabishana na mwenye duka kwanza, anatoka, anaitwa arudi. Msalaba hakuuchora moja kwa moja, anaukata kwa gazeti, anaubandika na pini, anarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, anafumba jicho moja. Anasogeza nusu inchi. Anarudi ukutani tena. Sisi tunangoja meza tule na meza imechukuliwa na msalaba wa gazeti la Jumapili.

Kanzu za kipaimara nazo zilikuwa zake, na hapo aligombana na nusu ya akina mama wa kanisa. Msimamo wake ulikuwa mmoja, watoto wote kanzu moja, mtoto wa Lavington na mtoto wa Mukuru wasijulikane wakisimama mbele. Mwaka mmoja mama fulani akaleta ya binti yake imeongezwa ua kubwa la hariri mgongoni na lesi ya chini. Mama akaipokea, akasema asante, na usiku wa Jumamosi akalifumua lile ua lote uzi kwa uzi na ile lesi pia, akapiga pasi, na Jumapili akamkabidhi mtoto kanzu yake. Yule mama hakumsalimia mpaka Pasaka. Mama akawa anamsalimia yeye, kwa sauti, kila Jumapili.

Na Sikukuu ya Mavuno! Watu wanaleta sadaka ya vitu, mahindi, mayai, maboga, kuku, na baada ya ibada kuna mnada hapo nje. Mama alileta kuku wake, jogoo mzuri wa kienyeji, mtu akaanza na bei ya kudharau. Akamnunua mwenyewe. Akamrudisha mezani, mnada ukaanza upya, bei ikafika mahali anapopataka, akamwacha aende. Mhazini hakujua aandike nini.

Jirani zetu wa Umoja, tulipohamia baada ya Baba kustaafu, walikuwa watu wa kesha, spika nje, Ijumaa mpaka alfajiri, watu wazuri sana na tulizoea. Mama yeye alikuwa anaamka saa kumi na moja, anawasha taa ya jikoni, anaangalia kalenda ya kanisa kuona somo la siku, na anasoma sala kutoka kwa kitabu, kwa sauti ya chini, zile zile, asubuhi ina yake na jioni ina yake. Mmoja wa hao majirani, aliyempenda sana, alimwambia siku moja, Mama, sala ya kuandikwa haitoki moyoni. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakukasirika. Akasema, "Mama, siku zingine moyo wangu hauna kitu cha kusema. Kitabu kinacho."

Alikuwa na tabu zake pia. Hakupenda wakwe zake wa kiume, wote, bila ubaguzi, mpaka wapate watoto. Aliweka daftari la nani amekopa nini. Aliposikia kwao Tanzania wanawake wameanza kubarikiwa kuwa wachungaji alinuna mwezi mzima, akasema watavaa nini, halafu alipomwona wa kwanza anaongoza ibada akarudi nyumbani akasema ile kanzu ya uchungaji imemkaa vibaya mabegani, alete nirekebishe, na upinzani wake ukaishia hapo.

2020 makanisa yalipofungwa kwa ajili ya korona alikuwa na miaka 83. Tukamwekea ibada kwa simu, imeegemezwa kwa chupa ya chai. Jumapili ya kwanza sisi tumekaa na nguo za nyumbani, mtoto wangu ana kikombe cha uji, tukaona Mama anatoka chumbani amevaa koti la bluu, soksi, viatu, mkoba. Akakaa. Injili ilipoanza kusomwa akasimama. Anasimama mbele ya simu ya inchi sita na magoti yake hayo. Tukasimama wote, mtoto na uji wake. Sadaka akakataa kata kata kutuma na M-Pesa, akaweka kwa bahasha zake zenye namba, moja moja kila wiki, na makanisa yalipofunguliwa akaenda na rundo lote limefungwa na mpira wa nywele akamkabidhi mzee wa kanisa ahesabu mbele yake.

Ile "aliugua kwa muda mfupi" si kweli lakini sitaielezea. Alivunjika nyonga, akalala sana, akachoka. Wajukuu walikuwa wanamsomea, wanamwita Susu kwa Kikamba na yeye anawajibu kwa Kimachame, na wanaelewana. Alikufa 2025, miaka 88, asubuhi, saa zake zile za kuamka.

Wa Machame walitaka alazwe kwao. Yeye alikuwa ameshaamua na ameshaandika, Kitui, ubavuni mwa Baba, "nimebishana naye kwa maisha yote siwezi kumwachia neno la mwisho sasa". Kwa hivyo tukaenda Kitui, na wachungaji wawili, na upande wa Baba walikuwa waungwana sana, walimwacha yule wetu aendeshe liturujia yote hata ile sehemu ya kusimama na kukaa ambayo wageni walikuwa wanaipoteza kila mara.

Jambo moja alilokuwa ameagiza ni ule wimbo wa Luther wa Zaburi ya 46, beti zote nne, akapigia mstari zote. Na MC, mnawajua MC wa mazishi, jua limepanda na chakula kiko tayari, akasema kwa sababu ya muda tuimbe ubeti wa kwanza na wa mwisho. Kwaya ikaimba wa kwanza, ikaimba wa nne, ikakaa. Mama mdogo wangu, aliyetoka Machame kwa basi akiwa na miaka themanini na kitu, akabaki amesimama. Akaanza wa pili. Peke yake, kile kisauti cha juu chembamba, hana haraka. MC akashika maiki, mchungaji akamgusa mkono. Alipofika wa tatu, ule wa dunia kujaa mashetani, wale wa kwaya walikuwa wamesimama wote na wazee wa AIC pia, hata wasiojua maneno, na akauimba wa nne tena kwa sababu, alisema baadaye, ulipoimbwa mara ya kwanza haukuwa kwa zamu yake.

Vitu vyake tumegawana bila ugomvi mkubwa. Mama mdogo amechukua miwani ingawa haimfai, kaka amechukua daftari la madeni na anasema kuna watu atawapigia. Cherehani imekuja kwangu, Singer ya miguu, nzito ajabu, na mkanda wa ngozi umekatika nilipoijaribu na ile kijani ya kanisa imepauka inangojwa. Kama kuna mtu anajua fundi wa hizo za zamani, Gikomba ama River Road, asiyeuza vipuri feki, aniachie namba.